Uso Wangu Utakufungulia Mlango

Akinyi,

Salamu utazipata kesho ukiwa na mfuko mgongoni. Kwa sasa uko hapo upande wa pili wa ukuta, unakunja nguo na kuharibu wimbo wa kwaya. Sabato imeisha, baba yako ametoka kufungia kuku wake, na mimi nimekaa mezani kana kwamba nasahihisha vitabu vya darasa la sita. Ukipita utadhani ni kazi ya shule. Wacha udhani hivyo.

Sikuandikii habari za neti ya mbu, wala maji ya kuchemsha, wala wanaume. Hayo nimekuimbia mpaka mimi mwenyewe nimechoka kujisikia. Nimeshika kalamu kwa sababu ya kile ulichoniomba jana ukitafuta viatu vyako chini ya kitanda. Ulisema, "Mum, wewe umefundisha Kiingereza tangu sijazaliwa. Nipe sentensi za somo langu la kwanza, zile za *almost first*, *only second*. Za maisha ya kawaida, si za kitabu."

Nikasema hiyo ni kazi ndogo. Nikachukua karatasi nikaandika: *Apiyo was born first.* Chini yake: *Adongo was nearly first.* Ya tatu ikaanza tena na Apiyo. Nikaichana hiyo karatasi. Nikachukua nyingine nikajaribu kuandika habari za Otieno na ng'ombe wake, na kabla sijafika mwisho wa mstari, Apiyo alikuwa ameshaingia zizini. Jameni! Hata kwa mfano wa sarufi yule mwanamke hanipishi.

Pacha wangu. Na kesho ndiko unakohamia, kwake Migori, mwaka mzima, kwa sababu shule uliyopangiwa kufundisha iko karibu na nyumba yake na ana chumba kitupu. Ni mpango wa busara. Kila mtu amesema ni wa busara, hata mchungaji. Mimi tu ndiye sijalala vizuri tangu upangwe.

Wivu ninao, sikatai. Ninao wa kumwaga. Baba yako huniambia, "Mama Akinyi, huo wivu utakuua," nami humjibu kwamba ukiniua, wa kwanza kuambiwa atakuwa Apiyo.

Majina yetu unayajua. Kwetu pacha anayetangulia ni Apiyo, yule aliyekuja upesi. Anayefuata ni Adongo, yule aliyebaki nyuma. Kiingereza kinataka maneno mawili kumweka mtu mahali pake, moja la kusema alifikaje na jingine la kusema alifika wa ngapi. Bibi yako alimaliza yote mawili kwa kutuita tuje tule. Mimi kila nikiitwa jina langu naambiwa nilichelewa, na nimeitwa hivyo maisha yangu yote, hata madhabahuni siku ya harusi.

Shuleni mambo yakawa yale yale. Siku ya kufunga muhula tulisimama uwanjani, mwalimu mkuu akasoma nafasi. Apiyo wa kwanza, Adongo wa pili. Muhula ujao, Apiyo wa kwanza, Adongo wa pili. Alikuwa akisoma bila kuangalia karatasi. Kulikuwa na kijana wa jirani, Onyango, kila siku yuko mkiani pamoja na wale wanaokuja shule kwa ajili ya uji. Muhula mmoja, sijui alilishwa nini, akaruka hadi nafasi ya tatu. Mama yake aliimba kutoka shuleni mpaka nyumbani na akachinja kuku. Ameshafika wa tatu! Siku hiyo hiyo mimi nikampelekea babu yako karatasi yangu. Akaisoma, akaikunja, akasema, "Wa pili tu?"

Hapo ndipo nakutaka uanzie somo lako, na sasa nisikilize kama mwalimu. Hiyo namba itawaonyesha watoto mtu alisimama wapi kwenye mstari. Lile neno dogo linaloitangulia litawaonyesha moyo wa anayesema. *Already third* ilichinjiwa kuku. *Only second* ilikula sukuma wiki ya jana. Usiwaeleze kwa maneno makubwa ya sarufi, waulize tu kati ya hao wawili nani alilala akicheka. Watajibu sawasawa, watoto wanajua sana mambo ya nani alipewa nini.

Na watakuandikia *very second*. Lazima, kila mwaka wananiandikia. Usiwacheke. Waambie Kiingereza kinakubali *the very first* na kinakubali *the very last*, lakini yule wa pili hakimpi. Nilipofundishwa hivyo chuoni nilikasirika nusura nitoke nje. Wenzangu waliona ajabu, mtu kununa kwa sababu ya neno *very*. Hawakuwa wamezaliwa na Apiyo.

Mara moja nilimshinda. Alikuwa kitandani na malaria, hakufanya mtihani. *I was finally first.* Nikakimbia nyumbani na karatasi mkononi, babu yako akafurahi kweli, akaenda sokoni Kendu Bay kuninunulia viatu vyeusi vya ngozi. Akarudi na jozi mbili. Kwetu pacha hawapewi kitu kimoja. Ukimnunulia mmoja kikombe, mnunulie na mwingine, la sivyo wazee walisema yule aliyekosa atadhoofika. Basi mimi niliyekesha nikisoma nikapata viatu, na Apiyo aliyelala akatetemeka na blanketi naye akapata viatu. Alivivaa humo humo kitandani. Alinyoosha miguu akaniambia, "Asante kwa kunipatia viatu, Adongo," na akacheka mpaka akakohoa.

Nilimsimulia baba yako kisa hiki tulipooana, nikitaka anionee huruma. Akatafuna kwanza, akameza, akauliza, "Na yeye alipokuwa wa kwanza miaka yote ile, wewe hukununuliwa chochote?" Nikamwambia ale samaki wake anyamaze. Maana nilinunuliwa. Kila mara. Viatu, rinda, sanduku la chuma, vyote nilipata kwa jasho la Apiyo, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia asante.

Basi tukakua. Alisema hapendi chaki, akajifunza cherehani, akaolewa Migori, akafungua duka la kushona sare za shule. Mimi nikawa mwalimu wa Kiingereza. Nilifurahi, nisikufiche. Nilisema moyoni, haya, sasa kila mtu ana mstari wake, hatuwezi tena kupangwa wa kwanza na wa pili.

Halafu ukazaliwa wewe.

Ulizaliwa alfajiri, ndiyo maana ya Akinyi. Hospitalini Homa Bay, kwa upasuaji, na mimi nilikuwa nimechomwa sindano ya usingizi, sijui mbingu wala ardhi. Baba yako alikuwa amefuata damu. Apiyo alikuwa amekuja kutoka Migori akakaa nje kwenye benchi. Nesi akatoka na wewe mikononi, akaona uso ule ule aliouacha ndani juu ya kitanda umekaa nje ukila ndizi. Wanasema alipiga kelele. Alipotulia akacheka, akakukabidhi kwake.

Nilipozinduka niliona mtu amekaa kando ya kitanda, amebeba mtoto, na mtu huyo ni mimi. Haki ya Mungu nilidhani nimekufa na ninajiangalia. Wewe ulikuwa umetulia, umemkodolea macho. Ulikuwa umeshajifunza huo uso. Apiyo akaniona nimefungua macho, akasimama haraka, akasema, "Nilimshika kwanza tu, Adongo. Chukua mtoto wako."

Sentensi hiyo nimeitafuna tangu siku ile. Nikipika naitafuna, nikisahihisha insha naitafuna. Alimshika kwanza. Kwanza! Kuna mama gani anayekuwa wa pili kumshika mtoto wake?

Nadhani wewe hukumbuki siku uliyonikimbia. Ulikuwa mdogo, unatembea kama bata. Apiyo alikuja kututembelea na vitambaa vyake, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nakupunga uje, yeye ndiyo kwanza anaingia langoni. Ulisimama katikati. Ukatuangalia, huku, huko. Kisha ukanipa mgongo, ukamkimbilia yeye umenyoosha mikono, ukapiga kelele, "Mama!"

Niliinuka kama nimeumwa na siafu. Nikakuvuta mkono, pengine kwa nguvu, kwa sababu ulilia. Nikakuambia, "Huyo si mama. Sema Auntie. Auntie!"

Bibi yako alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Akauliza, "Adongo, hiyo auntie ni kitu gani? Kwetu dada ya mama ni mama."

Nikamwambia, "Ni Kiingereza."

"Basi warudishie wenyewe."

Apiyo alikuwa bado ameinama na mikono wazi, vile alivyokuwa amejiweka kukupokea. Halafu akajinyoosha, akajipangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi. Akasema, "Mwacheni mtoto. Mimi nitaitika lolote."

Sikurudisha. Tangu siku ile yeye akawa Auntie na mimi nikawa Mummy, baadaye Mum, ili mtu asichanganye. Nilikufundisha hivyo kila asubuhi kama nafundisha hesabu. Neno mama lenyewe likabaki pale bila mwenyewe, wewe humwiti mtu yeyote hivyo katika nyumba hii. Nilichukua lugha ninayolipwa kuifundisha, nikaifanya ua wa miiba, dada yangu nikamwacha upande wa nje. Na nilijiona mjanja, nyara, binti yangu.

Bado akakushonea sare zako zote. Kila Januari zilikuja na gari la Migori zimefungwa kwa gazeti, na zilikuenea kama ngozi, na hakuwahi kukupima! Nilimpigia simu mwaka mmoja nikamuuliza kwa ukali anapata wapi vipimo vyako. Akasema, "Nakata tulivyokuwa sisi umri huo." Unajua nilifanya nini? Nikafumua pindo la rinda lako nikalishona upya kwa mkono wangu. Lilikuwa limepinda, ukaenda shule limekuning'inia nyuma muhula mzima. Uliniuliza mbona Auntie siku hizi anashona vibaya. Nikakuambia labda macho yake yameanza kuchoka. Naomba ukifika umwambie macho yake hayakuwa na shida, na pindo lilikuwa langu. Akicheka, mwache acheke.

Sasa tufike kwa ile siku ya majuzi, maana ndiyo iliyonikalisha hapa.

Nilikuwa staffroom na chai yangu. Simu ikalia, Apiyo. Sauti juu kama ya mtu aliye harusini. "Adongo! Hongera! Mtoto amepata shule! Na iko hapa kwangu, hapa hapa! Nimeshatoa vitambaa vyote kwenye chumba cha vijana, nimetandika kitanda!"

Nilikuwa sijui lolote. Ungeniona, nilijitengeneza uso kana kwamba yuko mbele yangu. "Ndiyo," nikasema, "aliniambia kitambo. Tumefurahi sana." Walimu wenzangu wakaniuliza kuna habari gani, nikawaambia mtandao ni mbaya. Chai ikapoa pale.

Wewe ulipiga tayari nimeingia darasani na kutoka. "Mum! Guess what! Nimepata posting!" Nikashangaa vizuri, nikapiga ukemi mpaka watoto wakachungulia dirishani. Na hapo ndipo uliposema, "Wewe ndiye wa kwanza kabisa kujua, Mum."

Akinyi, sikukasirika kwamba ulimpigia yeye kwanza. Sawa, nilikasirika, lakini hiyo ningeimeza. Ulihitaji pa kulala kabla ya kusema ndiyo kwa shule, ni jambo la akili. Kilichonichoma ni huo uongo wako mtamu. Uliniona nilivyo. Umekua hadi umejua mama yako ana njaa ya kitu kidogo kama hicho, kuwa wa kwanza, na ukanipa kwa huruma, kama mtu anavyompa mtoto kijiko cha sukari anyamaze. Nililia chooni shuleni, nikanawa uso, nikaenda kufundisha darasa la nne *Firstly, secondly, thirdly*.

Na tangu uniombe mifano, jana na leo, nimekuwa nikiandika na kuchana, na nimegundua jambo ambalo nilipaswa kuligundua zamani, kwa sababu ni kazi yangu. Apiyo pale hospitalini alisema, "Nilimshika kwanza tu." Mimi nikaondoka na hiyo kwanza, nikaitafuna miaka yote. Hiyo *tu* sikuisikia hata kidogo. Mwalimu mzima! Ninayewaambia watoto wa watu kila muhula waangalie lile neno dogo ndilo lenye moyo wa msemaji. Dada yangu alikuwa anaomba radhi. Alikuwa amesimama, amechoka, hajalala, ameninyooshea mtoto, ananiambia hakuchukua chochote, amenishikia tu.

Usidhani sasa wivu umeisha. Thubutu! Nikifikiria kwamba kila asubuhi utaamka umwone akiwa na kanga, na nywele zimesimama vile zangu husimama, na atakuuliza kama umelala vizuri kwa sauti yangu, nataka kuinuka sasa hivi nikafungue mfuko wako nikatoe nguo zote. Nataka kukuambia Migori kuna joto, na shule ni mbali, na huyo mwanamke anatia chumvi nyingi kwenye mboga. Hiyo ya chumvi ni kweli. Nilitaka hata kukuambia utafute chumba cha kupanga mjini, na nilikuwa nimeshaanza kumuuliza mwalimu mmoja anayetoka huko. Nimeacha. Wanawe wote wameoa wameondoka, hana binti, na alitoa vitambaa vya kazi yake kwenye chumba kabla mimi sijajua kuna chumba kinachohitajika. Kwetu pacha hawapewi kitu kimoja. Mimi nilipewa msichana mmoja, na viatu alivyonipatia Apiyo nilivaa vyote.

Haya, sentensi zako nimeziandika kwenye karatasi ile ya mistari, iko ndani ya kitabu chako cha maandalizi. Nimeacha majina yetu humo humo. Watoto wakikuuliza Apiyo na Adongo ni akina nani, waambie ni watu wawili wanaopenda kushindana, na uendelee na somo.

Sasa nisikie. Kesho utapita Homa Bay, utapita Rongo, ukifika Migori utakuwa umechoka, vumbi hadi kwenye kope, mfuko umekukata bega. Utabisha hodi, na uso wangu utakufungulia mlango. Utakuwa bado hujakaa sawa, na neno litakutoka lenyewe, lile ulilolitoa ukiwa mdogo pale langoni. Mama.

Likikutoka, usijisahihishe. Usiseme pole Auntie. Mwache aitike. Alishasema ataitika lolote, na nimemngojesha muda mrefu kwa kitu ambacho kilikuwa chake tangu zamani.

Ila usiniambie. Ukipata mshahara, ukipata mchumba, ukiugua, ukishindwa na darasa, mimi nataka kuwa wa kwanza kujua, na ukishampigia yeye kwanza, nidanganye tena vile vile, unadanganya vizuri. Lakini siku utakayomwita mama, hilo moja, naomba niwe wa mwisho. Wa mwisho kabisa.

Mum